Lango la Koleji: Safari ya Kisangani

Anayetoka upande wa Ubundu kwenda Kisangani hana haja ya kuuliza njia sana. Reli ya kale, iliyofunguliwa mwaka 1906, inakata msitu kwa kilomita 125 upande wa kushoto wa mto, ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma ambayo hakuna meli iwezayo kuyapita. Zamani watu waliipanda garimoshi na mizigo yao na mbuzi wao. Mimi nilikwenda kwa pikipiki, nyuma ya kijana ambaye hakuliogopa daraja lolote, hata yale ambayo hayakuwa na mbao zaidi ya mbili. Nilifika Lubunga jioni, nimetapakaa matope mpaka masikioni.

Nilikuwa nimetumwa na shule yetu kununua vitabu na chaki. Lakini moyoni nilikuwa na shughuli nyingine, na afadhali niieleze kwanza, maana pasipo hiyo msomaji hataelewa kwa nini mwalimu mzima aliacha kulala akaenda kutazama michezo ya wanafunzi.

Katika shule yetu tuna desturi ya mchezo wa kufunga mwaka. Mwaka jana wanafunzi wangu walicheza habari ya Mwana Mpotevu, nami nilikuwa nimewafundisha kwa muda wa miezi mitatu. Tukaandika kadi za kuwaalika wakubwa: chifu, muuguzi wa zahanati, wafanya biashara wawili, na wazazi waliokuwa wamelipa ada yote. Wasio na kadi hawakuwa na ruhusa ya kuingia. Amri ile niliitoa mimi mwenyewe, tena niliweka vijana wawili wenye nguvu langoni. Nilikuwa na sababu. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu katika nchi yetu na kuwafukuza wengi katika vijiji vyao. Na kusanyiko la watu wengi usiku lilinitia hofu. Basi mchezo ulichezwa vizuri, wakubwa wakapiga makofi, kila mtu akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta bibi kizee mmoja ameketi juu ya jiwe karibu na lango letu. Nikamwamkia, naye akaitika, kisha akasema, "Mwalimu, jana nilikuwa hapa. Yule aliyelisha nguruwe ni mjukuu wangu. Niliisikia sauti yake." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amesimama nje ya ua tangu jua lilipokuchwa mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa na kadi. Nilitafuta neno la kumjibu, sikulipata.

Hiyo ndiyo shughuli niliyoichukua pamoja nami. Padre mmoja aliniambia kwamba mjini Kisangani iko koleji ambayo michezo yake huchezwa lango likiwa wazi, na kila apitaye njiani huingia. Nilitaka kuona jinsi wanavyofanya bila kupata hasara.

Kutoka Lubunga huvukwa kwa mtumbwi wenye mashine. Katikati ya maji mto unaonekana mpana kama ziwa, na mbele yako mji unainuka polepole: Kanisa Kuu la Mama wa Rozari ukingoni, magati, miembe, nyumba za kale zenye rangi iliyofifia. Hapa, Siku ya Noeli mwaka 1897, Padre Gabriel Grison wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu alianza misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Mji wakati ule uliitwa Stanley Falls, baadaye Stanleyville, na tangu mwaka 1966 unaitwa Kisangani. Wenyeji huuita Boyoma. Katika soko utasikia Kiswahili, Kilingala na Kilokele katika sentensi moja, wala hakuna anayeona ajabu.

Nilipopanda ukingo nikachukua toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria. Siku hizi pikipiki zimewapunguza sana, lakini wako bado. Mwenye baiskeli alikuwa mzee kuliko mimi, nami niliona haya kubebwa naye; akanicheka akasema, "Keti, Mwalimu, miguu yangu imezoea kuliko masikio yako." Sikufahamu maana yake, lakini niliketi.

Asubuhi nilifika kwanza kwa Wagenia, kama wafanyavyo wageni wote. Wamesimamisha miti mikubwa katikati ya maporomoko, wameifunga kwa kamba za msituni, na juu yake wananing'iniza mitego mikubwa ya kusuka, iliyo kama pembe. Wageni hulipa kidogo ili wapelekwe karibu. Watu wengine husema kwamba siku hizi imekuwa kazi ya kuonyesha watalii tu. Mimi sikuona hivyo. Vijana wale walipanda miti yao na kukagua mitego yao, na tulipoondoka walikuwa wanaendelea kupanda, wala hawakugeuka kutuaga.

Jioni nikaenda kwenye koleji ile, katika komini ya Makiso. Sitaitaja jina, maana Padre aliyenipokea aliniomba nisiwaletee wageni wengi kuliko mabenchi. Lango lilikuwa wazi kweli, mabawa yake mawili yameegemezwa ukutani kwa mawe. Mbele waliketi watoto juu ya mikeka, nyuma yao mabenchi, nyuma ya mabenchi watu waliosimama, na nyuma yao waendesha toleka waliobaki juu ya baiskeli zao. Mama mmoja alikuwa anauza karanga, mwingine lituma iliyofungwa katika majani. Mashine ya umeme ilinguruma nyuma ya darasa, ikazimika mara mbili. Na kila ilipozimika wanafunzi waliendelea kusema maneno yao gizani.

Mchezo ulikuwa habari ya mvuvi na wanawe wawili waliogombania mahali pa kutegea samaki. Ulianza kwa Kifaransa safi cha darasani, na watu wakatulia kwa adabu kama katika hotuba. Kisha mtoto wa pili wa mvuvi akajibu kwa Kiswahili, mama yake akamkemea kwa Kilingala, na hapo ua wote ukaamka. Watu walianza kujibu kutoka mabenchini. Walimtetea mkubwa, walimtetea mdogo. Mlevi mmoja alitaka kupanda jukwaani ili awapatanishe, akashikwa mkono kwa upole akaketishwa na kupewa karanga.

Ndipo likatokea jambo ambalo nilikuja kuliona, ingawa sikujua kwamba ndilo nililolijia. Wanafunzi walikuwa wamesimamisha jukwaani miti mitatu kuwa mfano wa ile ya Wagenia, wameifunga kwa kamba ya nailoni ya dukani. Mvuvi alipoushika mti ili aupande, miti yote ikayumba. Mzee mmoja akainuka katikati ya watu. Alikuwa amevaa fulana iliyochanika begani. Akapita kati ya watoto, akapanda jukwaani bila kuomba ruhusa, akaifungua kamba ile, akaitupa chini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hivi mtaua mtu." Kisha akaomba kamba nyingine, na kwa kuwa hapakuwa na kamba za msituni, akaifunga tena ile ile ya nailoni, lakini kwa namna yake, akizungusha mara nyingi na kukaza kwa goti. Wachezaji wakasimama wakitazama mikono yake. Alipokwisha akautikisa mti, haukuyumba. Akarudi mahali pake. Mvuvi akapanda, mchezo ukaendelea, nao watu wakapiga makofi kwa muda mrefu kuliko walivyopiga mwisho.

Nilimtazama mwalimu aliyeufundisha mchezo ule. Alikuwa anaandika katika daftari yake. Nilijiuliza: Je, kama lango lingefungwa, nani katika wakubwa wenye kadi angejua kufunga mti?

Kesho yake nilizungumza na Padre. Nikamwuliza kama haogopi wezi. "Wezi wako," akanijibu. "Kila mara kiti kimoja au viwili hupotea. Mwaka mmoja waliiba taa kabla ya mchezo kuanza." Nikamwuliza juu ya fujo. Akasema kwamba aliwahi kufunga lango mara moja, wakati wa wasiwasi mjini, na hatakataa kulifunga tena ikilazimu. Lakini hataki lifungwe kwa mazoea. Nilipenda kwamba hakujifanya shujaa.

Alinikumbusha tena jambo nililolisoma seminarini na kulisahau. Koleji za Wajesuiti huko Ulaya zilikuwa na michezo ya kuigiza tangu miaka ya kwanza ya shirika lao. Kanuni yao ya masomo ya mwaka 1599 iliagiza kwamba michezo iwe mitakatifu, ichezwe mara chache, tena kwa Kilatini. Lakini watu wa mjini walikuja kwa wingi, nao Kilatini hawakukijua. Basi katika nchi za Wajerumani koleji zikaanza kupiga chapa karatasi zilizoeleza kila sehemu ya mchezo kwa lugha ya watu, ili mwokaji mikate naye afuate habari. Kanuni ilibaki Kilatini, karatasi ikaenda langoni. Naona kwamba ua wa Makiso, pamoja na Kifaransa chake cha kuanzia na Kilingala chake cha kumalizia, ni ndugu wa karatasi ile.

Watu wa Kisangani wanaposema juu ya michezo na ngoma hawakawii kumtaja Faustin Linyekula. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akasoma Kisangani, na mwaka 1993, vyuo vikuu vya nchi vilipokuwa vimefungwa, akaenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la dansi liitwalo Gàara. Mwaka 2001 alirudi akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kwa jina la rafiki yake aliyekufa kwa tauni. Na baada ya miaka michache akaihamishia kazi yake Kisangani. Michezo yake ilionyeshwa Avignon katika Ufaransa mwaka 2007, na mwaka huo huo alipewa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa Paris. Yeye alichagua mji usio na jumba kubwa la michezo, akafundisha vijana wa hapa dansi, muziki na sinema. Mwaka 2011 alitunga mchezo wa mtu mmoja uitwao Le Cargo, juu ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake kando ya reli ile ile niliyoifuata kwa pikipiki.

Dansi yake si rahisi, nami nakiri kwamba niliyoyaona katika picha za sinema sikuyaelewa yote. Mwanafunzi mmoja wa koleji, nilipomwambia hivyo, alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, na Misa ya Kilatini babu zetu waliielewa yote?" Nikanyamaza.

Kwingineko viko vyuo vilivyofanya zaidi ya kufungua lango. Makerere, huko Uganda, tangu mwaka 1965 wanafunzi walikuwa na kundi la kusafiri, wakichukua michezo yao mpaka vijijini bila kiingilio, na mingine kwa lugha za wenyeji. Na Bagamoyo, pale ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao mwaka 1868, kiko chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, chenye tamasha linalokusanya wenyeji na wageni pamoja. Sijafika Bagamoyo. Ningependa kwenda kabla sijazeeka.

Nilirudi kwetu na vitabu arobaini, makatoni mawili ya chaki, na homa kidogo. Jumatatu nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, nikamweleza yote niliyoyaona, pamoja na habari ya viti vinavyopotea. Alinisikiliza akichezea kalamu yake. Akasema, "Na wakija wote? Wa pande zote mbili?" Nikajibu kwamba sijui, lakini wanafunzi wetu wa pande zote mbili wanakaa benchi moja kila siku, nao ndio watakaocheza. Akasema tutaanza mchana, si usiku, na tutawaomba wazee wa pande zote mbili waketi mbele kabisa, bega kwa bega, wala si kila upande na benchi lake. Kisha tukatoka kuhesabu mabenchi. Yako thelathini na manne, na matatu kati yake yamevunjika.

Jioni nikaenda kumtafuta yule bibi. Anakaa karibu na kituo cha zamani cha reli, katika nyumba ya kijukuu chake cha kike. Nikamwambia kwamba safari hii lango litakuwa wazi. Akaniambia kwamba mjukuu wake aliyelisha nguruwe hayuko tena shuleni. Alikwenda na mjomba wake kwa mashua mpaka Kindu, kutafuta kazi, wala hajaleta habari. Nikasema pole. Tukakaa kimya kidogo, kuku wakipita kati ya miguu yetu.

"Lakini nitakuja," akasema. "Mnaanza saa ngapi?"

Nikamwambia saa tisa.