Nguo Inayofumwa kwa Karatasi

Msomaji mpenzi, chukua karatasi yo yote iliyo karibu nawe, uitie majini, kisha uifikiche. Itakuwaje? Italainika, itapasuka, na mwishowe utabaki na uji mkononi. Basi utasema nini ukiambiwa kwamba wako watu waliovaa nguo za karatasi, wakazifua, wakazianika na kuzivaa tena? Hii si hadithi ya kuwachekesha watoto. Twende pamoja hata Japani tukaone.

Ukitoka Tokyo kwa garimoshi la kasi kuelekea kaskazini, kwa muda wa saa mbili hivi utafika Shiroishi, mji mdogo wa mkoa wa Miyagi, karibu na milima ya Zao. Maana ya jina lake ni "jiwe jeupe", na wenyeji hujivunia vitu vyeupe vitatu: karatasi, tambi nyembamba ziitwazo umen, na unga wa mizizi ya mmea wa kudzu. Juu ya kilima utaiona ngome ya mabwana wa ukoo wa Katakura. Ile ya kale ilibomolewa katika karne ya 19. Uionayo leo ilijengwa upya kwa mbao mwaka 1995.

Nchi ile ina baridi kali, na pamba haistawi vizuri. Kwa hiyo zamani maskini walichukua madaftari ya hesabu yaliyokwisha kazi, wakayakata vipande vyembamba, wakavisokota kuwa nyuzi. Nguo ilitoka na madoadoa meusi ya wino. Sisi husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari". Kwao daftari lenyewe liligeuka kuwa mali! Baadaye jamaa za askari wa Shiroishi waliifuma kwa ustadi mwingi, hata ikawa zawadi ya kupelekewa wakuu wa nchi. Jina lake ni shifu.

Karatasi yake, lakini, si kama hii uishikayo. Hutoka katika gome la ndani la kozo, mti wa jamaa ya mforsadi, ambalo nyuzi zake ni ndefu na ngumu. Wasomaji wa Uganda hawatashangaa sana, maana mutuba, mti wa nguo ya lubugo, ni wa jamaa hiyo hiyo. Wakati wa baridi matawi hukatwa na kupikwa kwa mvuke, gome huchunwa, huchemshwa kwa maji ya majivu, kisha hupondwa. Halafu hutiwa katika maji baridi pamoja na ute wa mzizi wa mmea ulio ndugu wa bamia. Ute huo huzifanya nyuzi zielee sawasawa, zisigandamane.

Sasa tazama kazi ya uzi. Karatasi hukunjwa, hukatwa kwa kisu vipande vya upana wa milimita 2 au 3, lakini kisu hakifiki ukingoni, ili vipande visiachane. Hulowanishwa kidogo na kuachwa usiku mmoja. Kesho yake mfumaji huiviringisha juu ya jiwe lenye kukwaruza, polepole, mpaka kila kipande kiwe mviringo. Kisha huchana kingo, huku na huku kwa zamu, na karatasi nzima yawa uzi mmoja mrefu usio na fundo. Mwisho husokotwa kwa gurudumu. Mtande ukiwa wa pamba au hariri, mshindio huwa wa karatasi. Iko pia nguo ya karatasi tupu, mtande na mshindio. Ni nyepesi, hunyonya jasho, na hufaa sana siku za joto.

Nguo za viwanda zilipoenea baada ya mwaka 1868, shifu ilikaribia kusahauliwa kabisa. Katika miaka ya 1930 na 1940 Katakura Nobumitsu, wa ukoo ule ule wa mabwana, alishirikiana na mtengeneza karatasi Endo Tadao kuifufua. Siku hizi wasanii huifuma pia kwa ajili ya kutundikwa ukutani. Lakini mwaka 2015 karakana ya karatasi ya Shiroishi ilifungwa, na baadhi ya wakazi wakashika kazi hiyo ili isife. Maana mfumaji hodari bila karatasi atafuma nini? Na karatasi itatoka wapi asipokuwapo wa kuponda gome wakati wa baridi?

Nawe msomaji, huenda nyumbani kwenu yuko bibi ajuaye kusuka ukili au kufinyanga chungu. Usingoje. Keti karibu naye jioni hii, umwombe akufundishe.