Simu Ililia Saa 10 Alfajiri

Karibu kila familia ina mtoto asiyepatikana. Wa kwetu ni kijana wa dada yetu mkubwa, rubani msaidizi huko Marekani. Ukimwuliza kama Krismasi atakuja, jibu ni moja: "Sijui, Mama." Ibada ya kumbukumbu ya baba yake ilipofanyika Moshi mwaka 2023, hakutokea. Dada aliumia sana. Nasi, badala ya kumtuliza, tulimwongezea maneno, tukasema ughaibuni kumemharibu kijana.

Mwezi Oktoba 2024 tulifunga safari sisi wawili, mama na mama mdogo, tukamwone. Mke wake na watoto wanaishi Houston, lakini kituo chake cha kazi ni New York. Kila awamu ya kazi ikikaribia hupanda ndege kama abiria, karibu saa nne angani, ndipo aanze kungoja kuitwa.

Tulifikia Kew Gardens, mtaa wa Queens ulio kati ya viwanja viwili vya ndege, JFK na LaGuardia. Tulitazamia maghorofa yale ya kwenye picha. Kumbe ni mtaa wa miti mikubwa, ambayo majani yake wakati ule yalikuwa mekundu na manjano, na nyumba nyingi zimejengwa kwa mtindo wa Uingereza ya zamani. Kuna maduka madogo yaliyojengwa juu ya daraja la reli, mtu ananunua mkate huku treni ikipita chini ya miguu yake. Alfajiri utasikia magurudumu ya mabegi yakikwaruza njiani. Watu wameutania mtaa huo kwa jina la "Crew Gardens", kwa kuwa kwa miaka mingi marubani na wahudumu wa ndege wamepanga vyumba hapo.

Kijana alitupeleka kuona anapolala. Vyumba viwili, watu wanane, vitanda vya ghorofa, mapazia mazito yanayozuia jua. Ndani ya friji kila chakula kina jina la mwenyewe. Hakuna anayeongea kwa sauti hata saa sita mchana, maana daima yuko aliyelala. Dada aligusa godoro la kitanda cha juu, akanyamaza. Rubani mwenye mistari mitatu begani analala kama mwanafunzi wa bweni!

Alitueleza kazi yenyewe. Shirika la ndege haliwezi kufuta safari kila rubani anapoamka na homa, au mvua inapowachelewesha wengine mji mwingine. Kwa hiyo huweka marubani wa akiba. Wenye miaka mingi kazini huchagua ratiba kwanza, na akiba huwaangukia zaidi waliochelewa kuajiriwa. Kiwango fulani cha mshahara hulipwa hata asiporuka, lakini siku si yake. Wiki ile zamu yake ilianza saa 10 alfajiri hadi saa 12 jioni, yaani saa 14, na sheria ya huko haivuki hapo. Simu ikilia, awe uwanjani ndani ya saa mbili. Haendi mbali. Hata akioga, simu iko juu ya sinki.

Usiku wa tatu alikuja tulikofikia. Dada alikuwa amepika ndizi na nyama. Ilipofika saa 2 usiku kijana alitazama saa. "Mama, inanipasa kulala." Kabla ya zamu, sheria inataka apumzike saa 10, na ndani yake apate nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa, hapo tayari alikuwa amechelewa. Dada akasema, "Hata kwa mama yako una ratiba?" Kijana akaketi tena. Wakaongea habari za marehemu, wakalia, wakacheka, hadi saa 7 usiku. Usingizi ukamchukua pale pale kitini.

Saa 10 na dakika 10 simu ikalia. Kulikuwa na safari ya Chicago. Alisikiliza, akamtazama mama yake, kisha akajibu kwamba hakulala, hafai kurusha ndege. Alipokata simu alisema atatakiwa kuandika maelezo, na huenda malipo ya siku ile yasipatikane.

"Mwanangu, si ungekunywa kahawa uende?" dada aliuliza.

Ndipo akatusimulia ajali ya Februari 12, 2009, karibu na Buffalo, katika jimbo hilo hilo la New York. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema nahodha alikosea alipopata onyo kwamba ndege inaishiwa nguvu ya kuelea. Lakini walisema pia kwamba yeye na msaidizi wake yaelekea walikuwa wamechoka. Msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kufika kazini. Kanuni hizi za mapumziko zilianza kutumika Januari 2014, baada ya msiba huo.

Tulijisikia aibu, sisi tuliosomea uuguzi. Asubuhi ile tulimwambia dada jambo ambalo hatukuwahi kumwambia mtu wa nyumbani. Zamani, usiku mmoja baada ya zamu mbili mfululizo, tulivuta ndani ya bomba la sindano dawa mara kumi ya kipimo cha mtoto. Mwenzetu alitushika mkono. Mtoto yule alipona, bila mama yake kujua. Mwenye usingizi hajijui kuwa amelewa.

Jioni ile, kabla ya saa 12, dada alimfungashia kijana chakula, akamsindikiza mlangoni mwenyewe. "Nenda ukalale, baba."

Siku ya kuondoka aliitwa alfajiri, akaenda. Hatukuagana. Dada hakununa. Alisema sasa anaelewa kwamba "sijui" halikuwa jibu la kiburi. Lilikuwa ndilo jibu la kweli alilokuwa nalo.

Akina mama wenzetu, huenda wa kwenu si rubani. Ni dereva wa basi, mlinzi, au muuguzi wa zamu ya usiku. Tukitaka kumwonyesha upendo, tumpunguzie lawama, tufunge mlango taratibu, tumwache alale.