Meli iliyolala chini ya maji



Mwezi huu darasani tumesoma habari za Ziwa Tanganyika. Nilipotaja meli ya Liemba, watoto wengi waliozaliwa hapa kambini walikuwa hawaijui. Lakini msichana mmoja akasema, "Mwalimu, bibi yangu aliipanda." Hata mimi niliipanda.

Ilikuwa Mei 2015, nina miaka 12. Tulitoka Burundi na mama na wadogo zangu wawili, tukafika Kagunga, kijiji cha Tanzania karibu kabisa na mpaka. Kule nyuma ni milima, mbele ni ziwa. Watu makumi ya maelfu tulilala kwenye mchanga wa ufukwe, maji ya kunywa ni ya ziwa hilohilo. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Gati hakuna, basi Liemba ilisimama mbali kidogo, sisi tukapelekwa kwa mashua. Kila safari ilichukua watu kama 600. Tukashuka Kigoma, tukapelekwa uwanja wa mpira, halafu basi mpaka kambini.

Kumbe tulipanda meli iliyowahi kuzama! Hayo nilikuja kuyasoma nikiwa sekondari.

Wajerumani waliitengeneza kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande na kuvitia katika masanduku kama 5,000. Masanduku yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ikaunganishwa huko na kuingizwa majini mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen, na kazi yake ilikuwa vita. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani, ili adui asiipate.

Sasa sikilizeni hapa. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nene ili maji yasizile. Meli ikalala chini karibu miaka minane. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba.

Majirani zetu Wakongo nao wanaifahamu. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000. Yaani meli ileile iliwapeleka wengine nyumbani, na sisi ikatuleta ugenini.

Kwa nini nayasema haya? Muhula huu vijana watatu wa darasa langu wameacha shule. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii elimu ya kambini itatambuliwa wapi? Leo tunaambiwa turudi, kesho hatujui." Mama yule hakukosea kuuliza. Mimi mwenyewe nimemaliza sekondari na sijui mwakani nitakuwa nchi gani.

Lakini namfikiria yule fundi mwenye grisi mikononi. Meli iko karibu kuzamishwa, vita vinamshinda, na yeye bado anapaka. Hakujua nani ataiopoa, wala lini. Mwisho walioiopoa walikuwa adui zake, na waliosafiri nayo ni watu wasiomjua kabisa, mpaka mama yangu na wadogo zangu. Kama angesema "ya nini, inazama tu," sisi tungebaki Kagunga kwenye ule mchanga na kipindupindu.

Wazazi, mtoto anayejua kusoma, kuandika na hesabu amepakwa grisi. Popote atakapotolewa, injini itawaka. Basi hao walioacha, waleteni. Hata aliyekosa muhula mzima aje, tutamsaidia jioni. Na vile vyeti na ripoti za shule, msiviache chini ya godoro vikaliwa na mchwa. Vitieni kwenye mfuko wa plastiki, mfunge vizuri, mvitundike juu. Siku ya kuondoka, kwa upande wowote ule, huo mfuko ubebeni wa kwanza.