Kaseti Haina Ctrl-Z

Haya, leo tuache kidogo habari za seva na hifadhidata. Nataka kuwasimulia kuhusu mashine moja kuukuu iliyo juu ya meza yangu, na kosa nililolifanya nayo ambalo mpaka leo sijaweza kulirekebisha.

Sisi waandishi wa programu tumezoea vibaya. Ukikosea unabonyeza Ctrl na Z, yaliyopita yanarudi. Ukitumia Git, hata upuuzi ulioandika mwaka juzi saa nane za usiku unaweza kuufukua ukauangalia. Mimi nimeishi hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba nilisahau kuna vitu vikishaenda vimeenda.

Hadithi inaanza 2016. Nilikwenda Butere kumtembelea mjomba wangu nikiwa na kipakatalishi, maikrofoni moja na programu ya kurekodi. Mjomba hupiga gitaa kavu, mtindo wa omutibo, ule uliojulikana sana kupitia George Mukabi, aliyefariki 1963. Kama huujui, ni hivi: kidole gumba kinatembeza besi, kidole cha shahada kinajibu juu, na kando ya mpigaji anakaa mtu mwenye chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo, anaigonga na kuikwaruza kwa kipande cha chuma. Hiyo chupa ndiyo ngoma.

Nilikaa siku tatu. Nilirekodi wimbo mmoja mara 31. Kila mjomba alipoteleza kidogo nilimsimamisha: "Tena mjomba, kutoka beti ya pili tu, nitaunganisha baadaye." Chupa hatukurekodi kabisa. Nilisema hiyo ni kazi ndogo, tutaiongeza baadaye. Nikarudi Nairobi na folda mjomba_mwisho, mjomba_mwisho_2 na mjomba_mwisho_kabisa. Msomaji mwenzangu katika fani hii, najua unazo folda kama hizo :-)

Miaka saba ikapita. Sikuunganisha chochote.

Sasa, mashine. Mwaka 2023 nilipita Luthuli Avenue kutafuta waya, nikaiona imelala chini ya rundo la redio za gari. Ni kinasa kaseti chenye traki nne, cha miaka ya themanini mwanzoni, na meza ndogo ya kuchanganyia sauti ikiwa imejengwa juu yake. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alidhani ni ya DJ. Tukapatana bei, nikaibeba.

Tuelezane kidogo mambo ya ndani, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Utepe wa sumaku si kitu kipya. Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata hataza ya utepe wa karatasi uliopakwa unga wa chuma mwaka 1928, na kampuni ya AEG ikaonyesha mashine yake ya Magnetophon mjini Berlin mwaka 1935. Philips walileta kaseti ndogo mwaka 1963. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu, na hupita mbele ya hedi kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kaseti ya stereo unayoijua ina traki mbili upande A na mbili upande B, jumla nne, zikisomwa kwa pande tofauti.

Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio 144. Walichofanya ni rahisi ukikiona, kama mawazo mengi mazuri: walizichukua traki zote nne wakazisoma kwa upande mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna tena upande B. Halafu wakaongeza kasi mara mbili, karibu sentimita 9.5 kwa sekunde, ili sauti iwe safi zaidi. Piga hesabu sasa: kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, ukitumia upande mmoja kwa kasi maradufu unabaki na dakika 15. Basi. Nyimbo tatu au nne na utepe umekwisha.

Faida yake ni hii. Hedi ile ile inayorekodi ndiyo inayosoma. Kwa hivyo unaweza kusikiliza gitaa lililo traki ya 1 huku ukiimba kwenye traki ya 2, na viwili hivyo vikalingana sawasawa. Kabla ya hapo kazi kama hiyo ilitaka studio, au mashine kubwa ya gharama. Sasa mtu angeweza kuifanya chumbani kwake. Bruce Springsteen alifanya hivyo hasa Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey. Alirekodi nyimbo zake kwenye Portastudio 144 ili awasikilizishe wanabendi. Bendi ikajaribu kuzipiga studioni, haikufika mahali pale. Mwishowe ile kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa, Septemba 1982, ikiitwa Nebraska.

Mashine yangu ni ya ukoo huo. Nilipoifungua nikakuta mikanda ya mpira imeyeyuka kwa uzee, imekuwa kama lami. Nilifanya kazi ya kuisugua jioni mbili nzima na vidole vikabaki vyeusi wiki nzima. Nikapima urefu kwa uzi, fundi mmoja akanitafutia mikanda inayokaribiana. Hedi nikaisafisha kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99 na pamba ya masikio. Kaseti nazo zina maneno: mashine hizi zilipangwa kwa kaseti za aina ya pili, na kaseti mpya zinazouzwa siku hizi nyingi ni za aina ya kwanza. Ilibidi nitafute za zamani ambazo hazikufunguliwa. Nikapata tano.

Desemba 2023 nikaifunga kwa blanketi nikasafiri nayo kwa matatu, nimeipakata kama mtoto.

Safari hii mama yangu alikuwapo. Alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akimpigia kaka yake chupa. Mjomba alipoona mashine ina sindano zinazocheza alifurahi. "Hii naielewa," akasema. "Ile nyingine yako ilikuwa kama kuimbia televisheni."

Nikawaeleza hali ilivyo. Kaseti tano, dakika 15 kila moja. Hakuna kukata, hakuna kuunganisha. Ukikosea katikati, unarudi mwanzo na unafuta ulichopiga. Mjomba akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo tukipiga, tumepiga?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka gitaa magotini, akakaa kimya kitambo, akaanza kufanya mazoezi. Mwaka 2016 hakufanya mazoezi hata mara moja. Kwa nini afanye, na mimi nilikuwa nimemwambia nitarekebisha?

Asubuhi ya pili tukarekodi. Asubuhi kwa sababu Butere mvua hupenda kuja mchana, na mvua juu ya mabati haina rafiki. Mjomba akakaa upande mmoja wa sebule, mama upande wa pili, maikrofoni mbili, gitaa traki ya 1 na chupa traki ya 2. Wakapiga mara tatu. Ya tatu hakuna aliyesema neno hadi nilipobonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha mjomba akaimba kwenye traki ya 3. Mara moja tu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Traki nne hazitoshi ukitaka na waitikiaji. Kwa hivyo kuna mbinu: unazichanganya traki 1, 2 na 3 pamoja, unazirekodi zote kwenye traki ya 4, kisha zile tatu za kwanza unazitumia upya. Ubaya wake ni kwamba mchanganyiko umeshaganda. Kama ulipandisha chombo kimoja kupita kiasi, kimepanda milele. Ni kama kuunganisha matawi yote ya programu halafu ukafuta historia.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa tayari kuchanganya. Mvua nayo ikawa tayari. Ikashuka juu ya mabati kwa kishindo. Nikavaa hedifoni nikasema si neno, nitaendelea. Wanangu, mvua ya mabati hufunika sauti kali za juu, na chupa ni sauti kali ya juu. Kila nilipoitafuta chupa sikuipata vizuri, nikaipandisha, nikaipandisha tena, mpaka ikaishinda mvua. Nikarekodi mchanganyiko kwenye traki ya 4. Jioni binamu zangu wawili wakaitikia kwenye traki 1 na 2, na mjomba akaongeza gitaa dogo kwenye traki ya 3. Tukala, tukalala tumeridhika.

Asubuhi kukiwa kimya nikasikiliza. Chupa ilikuwa kama fundi chuma aliyeingia sebuleni bila hodi. Gitaa la mjomba, ile kazi ya vidole niliyoifuata kutoka Nairobi, lilikuwa nyuma yake, linachungulia. Na traki asili hazikuwapo tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyerekodi juu yake.

Nilikuwa na tiketi ya kurudi asubuhi hiyo hiyo, na kazini walikuwa wakinisubiri. Nikamwambia mjomba: "Nitarudi Pasaka, tutapiga tena." Unaona? Ugonjwa ule ule wa baadaye.

Februari 2024 mjomba akapigwa na kiharusi. Anashukuru Mungu, anatembea, anaongea, utani wake uko pale pale. Lakini mkono wa kushoto haushiki nyuzi.

Nilijaribu kila kitu ninachokijua. Niliingiza kaseti kwenye kompyuta, nikapunguza masafa ya juu. Chupa ikapungua lakini gitaa likawa kama limefungwa blanketi. Nikajaribu programu huria za akili bandia zinazotenganisha vyombo. Zinashangaza kwa kweli, ila chupa ya soda ikikwaruzwa hazijui iwe ngoma au iwe kelele, na gitaa lililotoka lilisikika kama linapigwa ndani ya pipa la maji.

Basi nikafungua folda za 2016. Nilijipa moyo: kule mkono ulikuwa mzima, sauti ni safi, hakuna hata mvumo wa utepe. Nikasikiliza zote 31. Hakuna hata moja inayofika mwisho wa wimbo. Mara kwa mara inasikika sauti yangu ikimkatiza: "Tena mjomba." Na bila chupa anapiga kwa uangalifu, kama mtu anayeandika mtihani. Nilijaribu kuziunganisha wiki tatu nzima. Nikapata kitu kilichonyooka, hakina kosa, na mjomba hamo.

Kwa hivyo wimbo wa mjomba uliopo duniani ni ule wa kaseti, na chupa yake.

Mara ya mwisho nilipokwenda nikawachezea. Niliomba radhi kwanza, nikaeleza habari ya mvua na traki ya 4. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho akacheka hadi akakohoa. "Mpwa, hukukosea sana," akasema. "Hata zamani mama yako alikuwa ananifunika." Mama akageuza uso dirishani, lakini alikuwa anatabasamu. Wimbo umeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Binamu mmoja aliupiga kwenye harusi yake, na watu walicheza.

Mimi bado nalitaka lile gitaa. Sitadanganya.

Watu huniuliza kama kaseti ni bora kuliko kompyuta. Kwa vipimo, hapana. Ina mvumo, kasi inayumbayumba kidogo, kila ukichanganya upya kelele inaongezeka. Kweli, ukiizidishia sauti utepe hauivunji ghafla kama kompyuta. Unaikunja taratibu, na sauti ya mtu inapendeza ikikunjwa hivyo. Lakini si hilo lililonisaidia. Kilichonisaidia ni zile dakika 15. Zilinilazimisha nikae kimya, zikamlazimisha mjomba afanye mazoezi, tukamaliza wimbo siku moja. Kompyuta ilinipa miaka saba ya kurekebisha na sikumaliza kitu.

Kama unataka kujaribu, nikuachie mambo matatu. Nunua mikanda ya mpira kabla hujaiwasha. Safisha hedi kila unapoanza kazi. Na kabla ya kuchanganya traki zako kwenye moja, zimwage kwanza kwenye kompyuta, kila moja peke yake. Mashine nyingi za aina hii zina tundu la kutolea sauti kwa kila traki. Mimi waya ninao sasa, unakaa ndani ya mfuko wa mashine daima. Siku ile ulikuwa Nairobi, kwenye droo.

Kaseti mbili zimebaki hazijafunguliwa. Mama bado anayo chupa yake, na binamu yangu mdogo ameanza kujifunza gitaa, mjomba akimwelekeza kwa mdomo. Anasema hayuko tayari. Safari hii sitamwambia baadaye. Ninakwenda Agosti.