Ubao wa Pili
Neno sataranji ni la kale katika pwani ya Waswahili: asili yake ni Bara Hindi, likapita Uajemi na Arabuni kabla ya kutia nanga. Mchezo wenyewe, ama kweli, haukuenea kama jina lake. Katika vibaraza vya Temeke na Kinondoni kinachochezwa ni bao na drafti, na wanaozunguka mbao hizo aghalabu ni wanaume. Mwanamke hupita na kikapu chake.

Ajabu ni kwamba kete yenye nguvu kuliko zote katika sataranji ni malkia. Kwa Waarabu alikuwa waziri, akienda hatua moja tu ya mshazari; mwishoni mwa karne ya 15 ndipo Wazungu walipompa mbio za ubao mzima. Wanawake wa damu na nyama walingoja zaidi: Olimpiadi ya sataranji ilianza mwaka 1927, yao mwaka 1957.

Huko Katwe, Kampala, Phiona Mutesi alimfuata kaka yake hadi kwa mwalimu Robert Katende. Kilichomvuta kwanza ni uji, wala hilo si la kuonewa haya. Mwaka 2010, angali kigoli, aliketi ubao wa pili wa timu ya wanawake ya Uganda katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Siberia. Mbele yake alikuwapo Dina Kagramanov wa Kanada, bingwa wa nchi yake, mzaliwa wa Baku, aliyefundishwa na babu yake tangu utotoni. Mapema Kagramanov alitega mtego, akala askari mmoja. Kwa asiyecheza, askari ni kitu kidogo. Kwa wachezaji hao ni deni linalozaa kila hatua. Phiona alipigana kulilipa, asiweze, akashindwa.

Mtu angeuita ukaidi ule utoto. Lakini timu ina mbao nne. Kila mchezaji hukaa peke yake, kimya, bila ya kumuuliza mwenziwe hatua ya kucheza, na matokeo hujumlishwa. Anayesalimu amri mapema husalimu na fungu la wenzake watatu.

Kutoka Siberia, Phiona alirudi na pointi moja na nusu kwa michezo saba. Mwaka 2012, Istanbul, ubao ule ule wa pili, alicheza tena saba, akapata tatu na nusu, na kwa hizo akatunukiwa cheo chake cha kwanza cha kimataifa.