Siku za Mshipi Panyimur

Mtoto aliyelelewa katika laini za polisi huyajua mambo mengi mapema: mlio wa tarumbeta ya alfajiri, harufu ya rangi ya viatu, na baba aondokaye usiku bila ya kuulizwa atarudi lini. Sisi tuliokuwa Pakwach mwishoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa na jambo moja zaidi. Tulikuwa na ziwa.

Baba alipopata likizo ya siku mbili tatu hakwenda kilabuni. Alivua sare, akavaa kaptula yenye viraka, nasi sote tukapanda lori la wachuuzi wa samaki hadi Panyimur, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert. Msomaji ambaye hajafika huko na afahamu kwamba Naili, baada ya kuporomoka Murchison, huingia ziwani upande wa mashariki karibu na Wanseko, kisha maji hutoka tena si mbali na hapo, yakielekea Pakwach na Sudani. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa 30. Asubuhi, upande wa kusini-magharibi, milima ya Kongo huonekana ya buluu. Kufika adhuhuri imepotea katika joto.

Mtumbwi ulikuwa wa mzee mmoja Mwalur, ambaye sisi watoto tulimwita Babu. Mama, aliyezaliwa mbali na maji, hakupanda kamwe. Alikaa chini ya mti akisaga karanga za mchuzi, na kila tulipotia nanga alituhesabu, kwa sababu ya mamba.

Tulivua mputa, yule sangara mkubwa, kwa ndoana nene na ngege mdogo aliye hai kuwa chambo. Baba alikuwa na sheria yake: mputa asiyefika dhiraa yake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, alirudishwa majini. Tulilia kwa uchungu. Babu alicheka akasema, "Afande, hata samaki unawapa dhamana?" Baba akajibu, "Akikua atakuja kituoni mwenyewe." Nyumbani hatukuwahi kumsikia akifanya mzaha.

Mwaka 1969 upepo wa alasiri ulitukuta mbali na nchi kavu. Mshipi ulikuwa umeshika mputa mzito kuliko wote tuliopata kuwaona, naye alikuwa akiuvuta mtumbwi ubavu kwa mawimbi. Baba aliutazama mshipi, akatutazama sisi, akatoa kisu akaukata. Kisha akachota maji mtumbwini kwa sufuria ya uji hadi tukafika. Mama hakusema neno. Alituhesabu mara mbili. Mwezi uliofuata Baba alipewa uhamisho wa kusini, na hatukuvua tena pamoja naye.

Nimerudi Panyimur nikiwa na mjukuu wangu. Mti wa Mama haupo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika sehemu za pwani, kama lilivyoimeza bandari ya Butiaba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Juani walikuwa wameanikwa hasa muziri na ragoge, visamaki vidogo ambavyo zamani hakuna aliyevisafiria. Wavuvi walisema mputa mkubwa ni wa kutafutwa sana. Sheria ya sasa yakataza kuvua mputa aliye chini ya inchi 20, nami nilipoupima mkono wangu niliona kwamba dhiraa ya Baba ilipungua kidogo tu.

Jioni mjukuu alimpata mputa mmoja. Akampima kwa mkono wake mwenyewe, akatangaza kwamba anatosha. Nikamwambia ampime kwa mkono wangu. Alinuna njia nzima hadi Pakwach.