Milisekunde 40 zilizoniaibisha Mombasa

Nimepotea kwa majuma kadhaa, kazi zimenizidi. Lakini juzi kijana mmoja ninayemwelekeza kazini aliniambia programu yake haina kasoro, ni mtandao tu unaojikokota. Nikamuuliza, umepima? Akasema amepima. Nikamuuliza, umepima nini hasa? Akanyamaza, nami nikajikumbuka.

Mwaka 2012 nilipata kazi ya kumwandikia mzee mmoja programu ya mauzo. Alikuwa na duka la jumla la vifaa vya ujenzi Mombasa, na ofisi na ghala Nairobi. Seva ilikuwa moja tu, ya Linux, pale Nairobi. Kaunta za Mombasa ziliiuliza kila kitu: bei ni ngapi, ghalani zimebaki ngapi, kisha andika mauzo. Maulizo matatu kwa kila bidhaa. (Wataalamu huiita programu inayouliza "mteja", lakini hapa mteja wangu ni mzee mwenyewe, kwa hivyo nitaiita programu ya kaunta tusije tukachanganyikiwa.)

Kabla ya kukabidhi kazi nilifanya jaribio. Niliandika programu ndogo ya kutuma ujumbe 1,000 kwa seva na kupokea majibu, nikaketi palepale ofisini Nairobi nikaiendesha. Wastani ulikuwa chini ya milisekunde moja. Nilichora grafu ya rangi, nikaichapisha, nikampelekea mzee. Nilijiona fundi kweli!

Kaunta za Mombasa zilipofunguliwa, ankara ya bidhaa 60 ilichukua sekunde 11. Hebu fikiria wewe ni fundi wa paa, lori limewaka nje, na umesimama kaunta ukiangalia skrini sekunde 11. Dada wa kaunta alinipigia simu: "Kaka, mashine yako yalala, na watu wanitukana mimi."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari. Sisi tulioanza kazi hii kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 tulikuwa na tabia hiyo. Data ya ng'ambo ilipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na kurudi ulikula kama nusu sekunde. Chochote kikichelewa, lawama kwa mtandao. Basi nikamwambia mzee laini yake ya Mombasa ni nyembamba. Aliniamini. Alitia sahihi mkataba wa mwaka mzima wa laini yenye uwezo maradufu, na bei maradufu.

Ankara ikabaki sekunde 11 zilezile.

Ningefikiri kidogo tu ningeliona hilo mapema. Ujumbe wangu haukufika hata baiti 200. Ukiipanua barabara ya Mombasa iwe na njia nane, pikipiki moja iliyobeba barua haifiki mapema zaidi.

Nikapanda basi la usiku. Duka lilipofungwa jioni nilikaa kaunta na kuanza upya. Kwanza ping hadi Nairobi: milisekunde 11. Ni sawa kabisa. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, barabara ni kama kilomita 480, kwa hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya 5 hivi, ongeza vifaa vya njiani. Mtandao ulikuwa mzima.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nikaipima programu yenyewe ya kaunta, na badala ya wastani nikaandika muda wa kila ulizo peke yake. 62. 62. 63. 62. 62. Ukurasa mzima! Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Mtandao mbovu huyumba, mara 15, mara 90, mara 300. Hii namba haikuyumba. Mahali fulani kulikuwa na saa inayosubiri.

Nikafungua tcpdump nikatazama pakiti zikipita. Programu ya kaunta ilituma baiti 4, ambazo ni urefu wa ujumbe. Kimya. Baada ya milisekunde 51 ikaja pakiti tupu kutoka kwa seva, kusema tu "nimepokea". Papo hapo ujumbe wenyewe ukaondoka, na jibu likarudi baada ya 11. Jumla 62. Toa safari ya 11 kwenye ile 51, unabaki na 40 kamili.

Haya, sikilizeni. Mwaka 1984 John Nagle, akiwa Ford Aerospace, aliona watu wakiandika herufi moja moja na kila herufi ikibebwa na baiti 40 za anwani. Akapendekeza kanuni: kama kuna data uliyotuma ambayo bado haijathibitishwa, usitume kipande kingine kidogo, kiweke kwanza. Upande wa pili TCP ina desturi nyingine: anayepokea asiharakishe kutuma risiti, angoje kidogo, huenda akapata jibu la kuipakia pamoja. Katika Linux kungoja huko huanzia milisekunde 40. Kila desturi ina akili yake. Zikikutana na mtu kama mimi, anayetuma urefu kwanza na ujumbe baadaye, huyu anangoja risiti ili atume na yule anangoja ujumbe ili ajibu. Ping haipiti huko, ndiyo maana haikuona kitu.

Na lile jaribio langu la Nairobi? Lilituma ujumbe mzima kwa pigo moja. Nilikuwa nimepima programu ambayo hakuna mtu angeitumia kamwe.

Dawa ilikuwa mistari mitatu: unganisha urefu na ujumbe, tuma mara moja. Unaweza pia kuizima kanuni ya Nagle kwa TCP_NODELAY (lugha ya Go huizima yenyewe), lakini ukifanya hivyo tu bado unatuma pakiti mbili badala ya moja. Ankara ya bidhaa 60 ikashuka hadi sekunde 2. Najua, maulizo 180 kwa ankara moja bado ni mengi mno, hilo nililirekebisha baadaye. Siku hizi kabla sijamkabidhi mtu kazi naongeza ucheleweshaji wa uongo kwa netem kwenye Linux, na naendesha programu yenyewe.

Asubuhi dada wa kaunta alitoa ankara ya kwanza, akanitazama. "Sasa yakimbia, kaka."

Mzee nilimpigia simu nikiwa bado dukani.

"Kwa hivyo, kijana, laini haikuwa na shida?"

"Haikuwa nayo, mzee. Kosa ni langu."

Akanyamaza kidogo. "Na ule mkataba?"

Ulikuwa umebakisha miezi 11. Tulikubaliana tofauti ya bei ikatwe kwenye malipo yangu ya mwisho.